Kiasi cha Bunduki

Neno kiasi lina maana mbili ambazo leo ni nadra kuonekana pamoja. Kwanza, kiasi ni kipimo, na kwa hiyo ni kadiri inayomzuia mtu asipite mpaka wake. Pili, katika Kiswahili cha kale, kiasi cha bunduki ni baruti na risasi yake, zilizopimwa na kufungwa tayari kutiwa katika mtutu. Waliolipa neno moja kazi hizi mbili walijua walitendalo. Walikuwa watu wa magobori. Baruti ilipimwa, ikamiminwa kwa mdomo wa mtutu, risasi ikafuata, na vyote vikashindiliwa kwa mdeki. Baruti ikiwa haba, risasi ilikosa nguvu; ikizidi mno, mtutu ulipasuka usoni pa mwenye nao. Kiasi kilikuwa uhai wa mwindaji kabla hakijawa kifo cha mnyama.

Mbali sana na nchi za magobori, katika misitu na mashamba ya Marekani, wako wawindaji waliorudia desturi hiyo kwa hiari yao wenyewe. Hawakosi kitu. Maduka yao yamejaa bunduki zinazobeba viasi vitano au sita tumboni mwake, na viasi vilivyojazwa na mitambo huuzwa katika visanduku kama viberiti. Juu ya hayo, mwindaji wa namna hii huchagua bunduki inayomeza kiasi kimoja tu, na kiasi hicho hukijaza mwenyewe, nyumbani, kwa mikono yake. Jirani humdhani bahili, au mpenda mambo ya kale. Yumkini ana chembe ya yote mawili, lakini si hayo yanayomwamsha alfajiri ya majira ya baridi.

Mnyama amwindaye ni ayala, ambaye watu wengi wa Afrika ya Mashariki humwita kulungu au paa kwa kukosa jina lililo karibu zaidi. Kulungu halisi wa misitu yetu hudumu na pembe zake maisha yake yote. Ayala dume huangusha zake kila mwaka na kuotesha nyingine. Yule wa Marekani ya mashariki hujulikana kwa mkia wake, ambao ndani ni mweupe: akishtuka huuinua, na mwindaji huona kitambaa cheupe kikiruka kati ya miti na kutoweka. Masikio yake ni makali na pua yake ni kali zaidi. Shabaha ya halali juu ya mwili wake, penye moyo na mapafu, haizidi sana sahani ya kulia wali. Risasi ikipita hapo, mnyama hufa upesi. Ikipita pengine, kwa mfano tumboni au mguuni, huenda zake na mauti yake mwilini, akafa kesho au keshokutwa mahali ambapo hakuna atakayemwona. Jambo hili ndilo linaloupa uchaguzi wa bunduki uzito wake.

Bunduki ya kiasi kimoja ni ya namna nyingi. Iliyo bora katika sifa za watu ni ile yenye kabari ya chuma nyuma ya mtutu. Mkono ukishusha wenzo ulio chini, kabari huteremka na chumba cha mtutu huwa wazi. Kiasi hutiwa kwa vidole, wenzo huinuliwa, na kabari hupanda na kufunga mlango kwa nguvu zisizo na shaka. John Farquharson, Mskoti, alipata hataza ya bunduki ya namna hiyo mwaka 1872. Frederick Selous, mwindaji Mwingereza, aliitumia bunduki ya jinsi hiyo kusini mwa Afrika na kuisifu. Kaburi lake liko Beho Beho, kusini mwa Tanzania, alikouawa vitani Januari 4, 1917. Katika miaka ya 1960, wakati viwanda vingine vilipokuwa vikishindana kwa wingi wa risasi, William Ruger wa Marekani aliirudia asili hiyo akatoa bunduki yake iitwayo No. 1. Wengi walishangaa. Lakini bunduki ilipata wanunuzi, kwa kuwa ni fupi na ni imara, na kwa kuwa haina mahali pa kufichia uzembe.

Baada ya bunduki huja uchaguzi wa kiasi chake. Katika jimbo la Ohio, ambako makazi ya watu yamekaribiana, sheria ya mwaka 2014 iliruhusu kuwinda ayala kwa bunduki za viasi ambavyo maganda yake ni wima, yasiyobanwa shingoni. Kimoja katika hivyo ni kikongwe kiitwacho .45-70, kilichotungwa kwa jeshi la Marekani mwaka 1873. Jina lake ni hesabu: risasi yenye upana wa kama sehemu 45 katika mia za inchi, na baruti nyeusi ya punje 70. Punje hizi si za shamba tena, bali ni kipimo kilichotokana na punje ya nafaka. Punje 7,000 ni ratili moja, na punje 70 ni kama gramu 4.5.

Kikongwe huyu ana fundisho ambalo vijana wake hawana. Ganda lake huingia sawasawa katika bunduki za nguvu mbalimbali. Iko Springfield ya jeshi la 1873, ambayo chuma chake ni cha zamani na mlango wake ni dhaifu. Iko Marlin ya wenzo, iliyo ya nguvu ya kati. Iko Ruger No. 1, iliyo na nguvu kupita zote mbili. Kiasi kilichojazwa kwa ajili ya Ruger kinaweza kutiwa katika Springfield bila kizuizi chochote, na kikaivunja mikononi mwa mpigaji. Jicho halioni tofauti. Ganda ni lile lile na risasi ni ile ile. Kwa sababu hiyo vitabu vya wajazaji huandika kiasi hiki katika milango mitatu, na mwenye hekima huandika juu ya kila kisanduku jina la bunduki iliyokusudiwa. Kiasi si kitu kinachosimama peke yake. Kilicho cha haki kwa mwenye nguvu ni maangamizi kwa dhaifu.

Kazi ya kujaza ni ya usiku na ya ukimya. Maganda ya shaba yaliyokwisha tumika hukusanywa, huoshwa na kutazamwa moja moja, na lenye ufa hutupwa bila huruma. Fataki iliyokufa husukumwa nje. Ganda hupakwa mafuta kidogo na kusukumwa katika kalibu ya chuma, kwa sababu moto wa baruti ulilipanua nalo halina budi kurudi katika umbo lake. Urefu wake hupimwa. Likiwa limerefuka, hukatwa. Fataki mpya hukazwa kitakoni. Kisha mizani huletwa, na baruti hupimwa kwa sehemu ya kumi ya punje moja. Mjazaji haanzi na kiasi cha juu kilichoandikwa kitabuni. Huanza chini yake, aghalabu kwa sehemu moja katika kumi, akapanda kidogo kidogo, akisoma dalili za fataki na maganda kama mganga asomavyo ulimi wa mgonjwa.

Liko tendo moja dogo ambalo halichukui hata dakika moja, nalo lina thamani ya maisha. Kabla risasi haijatiwa, maganda yote husimamishwa katika ubao wenye matundu, na taa huelekezwa ndani yake. Baruti katika kila ganda sharti ilingane na ya mwenziwe. Ganda lililosahauliwa litaisukuma risasi katikati ya mtutu na kuiacha imekwama humo, na kiasi kitakachofuata kitaukuta mtutu umezibwa. Ganda lililotiwa mara mbili litafanya mabaya zaidi. Hapo mtu hujua kwa nini haifai kujaza viasi huku akizungumza, au akiwa na usingizi, au akiwa na hasira. Mizani haijali kama mpimaji ni tajiri au ni mwanachuoni.

Siku ya mawindo, mtu aliyefanya kazi hiyo huingia msituni na maarifa ambayo hayakununuliwa. Anajua kuwa risasi yake ni nzito na ya pole. Ikiwa amezilinganisha shabaha zake kwa yadi 100, anajua kuwa kwa yadi 200 itakuwa imeshuka zaidi ya futi moja. Kwa hiyo ayala asimamaye mbali, hata akiwa na pembe za kujivunia, si wake. Sharti angoje au anyemelee. Akishika kifyatulio, anajua kuwa nyuma ya kiasi kile hapana kingine kinachosubiri. Wahenga walisema kuwa mtaka yote hukosa yote. Mwenye bunduki hii hutaka kimoja.

Iko hoja ya upande wa pili, nayo haistahili kudharauliwa. Wahenga hao hao walisema kuwa akiba haiozi. Ayala akijeruhiwa, risasi ya pili itokayo upesi ni rehema, na mwenye bunduki ya kabari huchelewa. Hoja hii ni ya kweli. Jibu lake si kuikana, bali ni kusema kuwa akiba nayo ina hila yake: huweza kumfanya mtu apige ya kwanza kwa kubahatisha, kwa kuwa ya pili ipo. Mwindaji mwema mwenye viasi sita hupiga cha kwanza kana kwamba hana kingine. Mwenye kimoja hushurutishwa na chombo kufanya hivyo, ikiwa anakubali kushurutishwa.

Neno "ikiwa" hilo halina budi kukaziwa, kwa maana historia haimruhusu mtu kukipa chuma sifa ya wema. Bunduki mashuhuri ya Sharps ilikuwa ya kabari na ya kiasi kimoja. Katika miaka ya 1870 wawinda ngozi waliichukua katika mbuga za Marekani, wakasubu risasi na kujaza maganda yao kwenye moto wa kambi, kwa uangalifu usiopungua wa mjazaji yeyote wa leo. Kwa uangalifu huo waliwaua nyati wa nchi ile makundi kwa makundi, wakachuna ngozi na kuacha nyama ioze. William Hornaday alipotoa hesabu yake ya mwaka 1889, nyati waliosalia katika Amerika ya Kaskazini nzima walikuwa 1,091. Kila baruti ilipimwa kwa haki, tamaa haikupimwa.

Ayala naye alikaribia njia hiyo. Nyama yake iliuzwa sokoni bila mpaka, na katika Ohio alihesabiwa kuwa ametoweka mwaka 1904. Aliokolewa na vipimo vya namna nyingine. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilizuia biashara ya wanyama waliouawa kinyume cha sheria kupita jimbo hata jimbo. Majira ya kuwinda yaliwekewa siku, na mawindo yakawekewa idadi. Na sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 ilielekeza kodi ya bunduki na risasi katika kuwatunza wanyama pori. Ohio ilifungua tena uwindaji wa ayala mwaka 1943, katika sehemu chache tu, na leo ayala wamo katika wilaya zake zote 88. Mwindaji anayejisifu kwa bunduki yake ya kabari angefaa kukumbuka kuwa mnyama aliye mbele yake yupo kwa sababu watu walikubali kuzuiwa.

Basi vipimo ni vitatu, na kila kimoja humtegemea mwenziwe. Cha mizani huilinda bunduki na uso wa mpigaji. Cha sheria huulinda uzao wa mnyama. Cha nafsi humlinda yule ayala mmoja aliyesimama ubavu baina ya miti, asiyejua kuwa anatazamwa. Viwili vya kwanza hufundishwa vitabuni na kukaguliwa na watu wengine. Cha tatu hakina mkaguzi. Mtu hukijua siku ambayo ayala yuko mbali kidogo, mwanga umefifia, jioni ya mwisho wa majira imeingia na nyumbani hapana nyama. Mwenye kiasi hushusha wenzo, hukitoa kiasi kwa vidole kikiwa bado kizima, hukitia mfukoni, naye hurudi kwake.