BARIDI YA JULAI NA JIKO LA MKAA

Ndugu msomaji, wewe unayeishi Kilimanjaro unaijua baridi ya Juni, Julai na Agosti. Asubuhi ukungu hufunika migomba. Siku nyingine jua halionekani kabisa. Wazee hawavui makoti.

Je, baridi hii inatoka wapi? Miezi hiyo upepo wa kusi huvuma kutoka Bahari ya Hindi. Upepo huo hubeba unyevu. Ukifika kwenye mlima wetu hupanda juu. Hewa ikipanda hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu, ukungu na manyunyu. Ndiyo maana Marangu kuna baridi kuliko Moshi mjini. Na juu kabisa, Kibo, penye urefu wa mita 5,895, kuna barafu na theluji.

Sasa nikueleze kosa langu. Mimi ni bwana shamba. Nimefundisha watu wengi kutunza kahawa na ng'ombe. Lakini mwaka mmoja, mwezi wa Julai, nilikosa maarifa nyumbani kwangu.

Usiku huo upepo ulivuma kwa nguvu. Migomba ilianguka. Mtoto wetu alitetemeka. Nikaziba dirisha kwa magunia. Nikaweka kitambaa chini ya mlango. Kisha nikaingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa ulikuwa mwekundu, hauna moshi. Nikasema, "Leo tutalala vizuri."

Usiku wa manane mke wangu aliniamsha. Mtoto alikuwa anatapika. Nikataka kusimama, miguu ikakataa. Kichwa kiliniuma sana. Mke wangu alitambaa hadi mlangoni akaufungua. Upepo ule niliouzuia ndio uliotuokoa. Jirani alisikia kelele, akaja kututoa nje. Hospitali tuliambiwa kwamba tungechelewa kidogo, tungekufa sote.

Ndugu msomaji, mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Jina lake ni kaboni monoksaidi. Haionekani wala hainuki. Huingia katika damu na kuzuia hewa safi isifike moyoni na kwenye ubongo. Mtu husinzia, halafu hufa. Moshi wa kuni hukukohoza, nawe ukatoka nje. Mkaa haukuonyi.

Hata Marekani, upepo wa baridi unapoleta theluji nyingi, wako watu wanaokufa kwa kuwasha mkaa ndani ya nyumba. Sumu hii haichagui nchi.

Basi fanya hivi:

1. Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama mkaa umeanza kuwa majivu.

2. Ota moto nje, au jikoni penye mlango na dirisha wazi. Kisha nenda kulala.

3. Ziba nyufa za upande wa upepo, lakini acha nafasi ya hewa kupita.

4. Wavike watoto nguo nzito. Walale pamoja chini ya blanketi.

5. Watu walio karibu na jiko wakiumwa kichwa, wakiona kizunguzungu au wakitapika, toeni wote nje mara moja. Wapelekeni zahanati au hospitali.

Nilikuwa na cheti cha kilimo, lakini jambo hili sikulijua. Wewe sasa unalijua. Wasomee wenzako nyumbani habari hii kwa sauti. Heri kutetemeka usiku mmoja kuliko kutoamka asubuhi.