Kuku wa Kuazima

Msomaji, mimi ni mwalimu wa shule, mzaliwa wa Mombasa, na umri wangu haujatimia miaka arobaini. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa namna ya kuandaa somo, namna ya kuandika ubaoni pasipo kuwapa watoto mgongo, na namna ya kumtuliza mtukutu bila ya kupaza sauti. Namna ya kuwa mgeni sikufundishwa, wala sikudhani kuwa jambo hilo lina mafunzo. Mtu wa pwani hujiona amezaliwa nalo. Methali tuliyoizoea sana nyumbani ni ile isemayo kuwa mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Nami niliikariri tangu utoto bila ya kujiuliza kama ni ya ukarimu au ya uchoyo.

Rafiki yangu wa chuoni, ambaye kwao ni Homa Bay, alinialika likizo ya mwezi wa Agosti. Alikuwa na shughuli Migori, kwa hiyo tuliagana tukutane huko kwanza. Migori ni mji wa njiani. Barabara yake kuu huendelea mpaka Isebania, penye mpaka wa Tanzania, na sokoni mwake husikika Kijaluo, Kikuria, Kikisii na Kiswahili kwa wakati mmoja. Niliposhuka basini, nimechoka na vumbi limenijaa, nilimwuliza mama mmoja muuza ndizi njia ya kufika nilikoagizwa. Nilitazamia aninyoshee kidole. Badala yake alimkabidhi jirani yake meza ya ndizi, akachukua mfuko wangu mmoja, akanitangulia. Tulikwenda mwendo wa robo saa. Tulipofika alinipa mfuko wangu, akarudi kwenye biashara yake kabla sijamaliza kushukuru. Nimesoma kwamba watu wa Ayalandi humlaki mgeni kwa maneno yenye maana ya karibu mara laki moja. Mama yule hakusema karibu hata moja. Aliniachia wateja wake.

Kesho yake tulikwenda Thimlich Ohinga, zilipo kuta za mawe ambazo UNESCO iliziandika katika urithi wa dunia mwaka 2018. Jina lake huelezwa kuwa lina maana ya msitu mnene wa kutisha. Kuta hizo zilijengwa kwa mawe matupu, bila ya udongo wala chokaa, jiwe likilala juu ya jiwe, na mahali pengine zimepita kimo cha watu wawili. Hudhaniwa kuwa zilijengwa karne ya 16. Milango yake ni mifinyu na mifupi kwa makusudi, ili anayeingia ainame, na mlinzi aliye ndani apate kumwona kabla hajainuka. Niliinama nikapita. Nilistaajabu kuwa nchi ambayo watu wake wa kale walijenga milango ya kumwogopa mgeni ndiyo nchi ambayo muuza ndizi alinibebea mfuko. Sina maelezo ya jambo hilo. Pengine anayeijua hofu ya mlangoni ndiye aijuaye thamani ya kufunguliwa.

Homa Bay tulifika jioni. Watalii huja katika sehemu zile kwa sababu nyingi: wengine huenda Hifadhi ya Ruma, katika bonde la Lambwe, kumtazama korongo, mnyama ambaye Kenya nzima amebakia huko tu; wengine huenda kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi mwaka 1969. Mimi nilikuwa nimekuja kumwona rafiki tu, na kumbukumbu kubwa niliyorudi nayo ni sahani ya chakula.

Kwanza, hata hivyo, rafiki yangu alinipeleka Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay. Ni ziwa dogo la mviringo, maji yake ni ya kijani na ya magadi, hayana samaki, na heroe husimama kandokando yake kama maua ya waridi. Wataalamu wa miamba husema kuwa ni kasoko ya volkano. Wenyeji wana habari nyingine. Mzee mmoja tuliyemkuta kivulini alitusimulia kuwa hapo palikuwa na kijiji, na usiku mmoja wa ngoma na pombe alifika bibi kizee mwenye njaa, akaomba chakula na mahali pa kulala. Watu walimfukuza. Mwanamke mmoja tu alimpokea. Bibi kizee akamwonya atoke yeye na watu wa nyumba yake. Kisha mvua ikanyesha, na kijiji kikadidimia pamoja na ngoma zake. Nilimsikiliza kama mwalimu asikilizavyo hadithi nzuri ya darasani: niliipenda, nikaiandika daftarini, haikunigusa.

Usiku ule mama wa rafiki yangu alituandalia kuku na ugali. Alituletea maji ya kunawa mwenyewe, akaniwekea mapaja mawili, na kila niliposema nimeshiba aliniongeza mchuzi. Watoto wa nyumba walikula jikoni. Asubuhi nilipotoka uani nilimkuta msichana wa jirani akizungumza na mama. Sikuelewa lugha, lakini niliona vidole vyao vikionyesha banda la kuku. Nilimwuliza rafiki yangu. Alisitasita, kisha akaniambia kweli: kuku wa nyumbani walikuwa wanaatamia, kwa hiyo mama aliazima jogoo wa jirani, naye atamrudisha vifaranga watakapokua. Watoto jikoni walikula ugali kwa omena.

Msomaji, niliona haya, na haya mara nyingine humshauri mtu vibaya. Kabla ya kuondoka niliweka shilingi elfu moja chini ya sahani. Nilidhani nimetenda jambo la kiungwana. Tulikuwa tumefika kwenye ua wa minyaa mama aliponifuata, noti mkononi.

“Mwalimu,” alisema, “pesa zako zimeanguka.”

“Hazikuanguka, mama. Ni za kuku.”

Alinitazama kitambo. Hakukasirika, laiti angalikasirika! Alizikunja zile noti akanitia mfukoni kama amtiavyo mtoto anayetumwa dukani. “Nyathina,” alisema, yaani mwanangu, “kuku nitamrudisha mimi. Wewe hukukopa kitu kwangu.”

Njiani rafiki yangu alinyamaza mpaka tulipoifikia barabara kuu. Kisha akasema kuwa mteja akishalipa huenda zake, na mwenye duka hana haja ya kumkumbuka. Mama yake hakutaka kuwa na duka. Tangu hapo mpaka Mombasa sikuifungua tena mada hiyo, naye alinihurumia.

Mwaka uliofuata, mwezi ukiwa ukingoni na mshahara haujaingia, mlango wangu ulibishwa baada ya magharibi. Nilifungua. Alikuwa kijana mrefu, mdogo wake rafiki yangu, mmoja wa wale waliokula jikoni. Amekuja kutafuta kazi bandarini. Mkononi alikuwa na furushi la omena alilopewa na mama yake aniletee. Nyumba yetu ni vyumba viwili. Tulikuwa na watoto watatu, na unga uliokuwamo debeni ulitosha siku nne. Nakiri kwako kwamba ulimi wangu ulikuwa umekwisha kuanza kutunga udhuru: kwamba ninaye binamu mwenye nafasi kubwa zaidi Likoni, kwamba nyumba za huko hupata upepo mzuri. Kijana alikuwa bado amesimama kizingitini, ameinama kidogo, kwa kuwa mlango wangu ni mfupi.

Nikamwambia aingie. Mke wangu alilipokea furushi, akalinusa, akacheka, akaenda jikoni. Mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma nikambishia jirani, nikamwomba aniazime godoro.

“Mgeni wa siku ngapi, bwana?” aliniuliza.

Nilimjibu kuwa sijamwuliza.