Saini ya arobaini

Sisi vijana wa hapa Nakivale tunapokea watu wanaofika wapya: tunawasindikiza kujiandikisha, tunawaonyesha kituo cha afya, tunawafundisha Kiingereza cha sokoni. Mwanzoni tulichangishana wenyewe. Halafu tukapata mfadhili, pesa ya miezi sita. Tulifurahi jamani!

Pesa ilikuja na makaratasi. Kila anayeingia darasani asaini, aandike namba ya simu, apigwe picha. Nauli ya boda iwe na risiti. Sasa boda gani wa huku anatoa risiti? Tulinunua kitabu cha risiti dukani, tukawa tunaandika sisi, yeye anasaini. Wenzetu wawili waliokuwa walimu wazuri wakawa watu wa makaratasi tu.

Kuna mama mmoja kutoka Masisi alikataa kusaini. "Wanangu, kule kwetu waliandika majina yetu, usiku wakarudi." Tukamwambia hii ni ya mfadhili, haina shida. Hakuja tena.

Tulikuwa tumeahidi watu 40. Bila yeye walikuwa 39. Basi tukamwita mdogo wa mmoja wetu, akasaini. Ripoti ikasifiwa.

Hatusemi kuhesabiwa ni kubaya. Mwaka 2018, baada ya maneno kwamba idadi ya wakimbizi Uganda imeongezwa, serikali na UNHCR walihesabu watu upya kwa vidole na macho, na idadi ikashuka kutoka kama milioni 1.4 hadi milioni 1.1 hivi. Pesa inayokuja kwa jina letu inaweza kuliwa, tunajua. Mfadhili ana haki ya kuuliza. Ila anauliza kama pesa ilifuata bajeti. Yule mama nani alimuuliza kitu? Hata ripoti yenyewe iko kwa Kiingereza, na waliotajwa humo hawajawahi kuiona.

Juzi tulimfuata shambani tukamwambia ukweli. Alinyamaza, kisha akauliza: "Na huyo mliyemweka mahali pangu, Kiingereza hajui?"

Anajua. Amezaliwa hapa hapa.

Ripoti ya mwisho tumeisomea darasa kwa Kiswahili kabla ya kuituma. Tumeandika 39, na chini yake tumeeleza ile saini ilitoka wapi. Mmoja wetu alisema tutakatiwa pesa. Inawezekana. Tumetuma Ijumaa, bado hawajajibu.